Kikohozi cha usiku kwenye Notepad

Daktari wa mtoto mwenye pumu aliuliza anakohoa usiku mara ngapi kwa wiki. Mama alisema nne, baba akasema mbili. Wote walikuwa wanakisia.

Mama huyo huvuka kila asubuhi kwa pantoni kutoka Kigamboni kwenda kazini, steshenari moja ya Kivukoni. Kompyuta ya dukani ina Notepad, programu ndogo ya bure inayokuja na Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985. Haihitaji bando wala kujisajili. Alifungua faili, mstari wa kwanza akaandika .LOG kwa herufi kubwa, akahifadhi. Tangu hapo kila akilifungua, saa na tarehe hujiandika zenyewe, yeye huongeza maneno machache: “Jana ameshinda kwa bibi. Amekohoa saa nane usiku.” Kisha huhifadhi upesi, maana umeme wa Dar nao una tabia zake. Na kwa kuwa kompyuta ni ya wengi, jina la mtoto hakuliweka.

Baada ya wiki sita, neno “bibi” lilikuwa jirani na karibu kila kikohozi. Siku za kushinda kwa jirani, usiku ulikuwa kimya. Bibi hupikia mkaa ndani, na moshi huweza kuamsha pumu.

Sasa nani amwambie mama mkwe? Mama alichapa ukurasa, akamkabidhi mumewe. Naye alianza na “daktari ameuliza”, akazisoma tarehe moja moja. Bibi akajibu kwamba watoto wake saba walikulia kwenye moshi huohuo.

Jumamosi iliyofuata jiko lilikuwa uani.