Kesi yako namba ngapi?

Wiki iliyopita mmoja wetu alikuwa anatafsiri kwenye dirisha la ofisi moja hapa kambini, mkoani Kigoma. Mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Fizi, akaulizwa: "Kesi yako namba ngapi?" Mama akarekebisha kilemba, akajibu kwa sauti ya chini: "Mwanangu, miye siko na kesi na mutu. Nani amenishitaki?"

Foleni nzima ikacheka. Na sisi tulicheka, tusidanganyane. Lakini jioni tulipokaa kikundini, kicheko kikaisha. Mama hakukosea. Kwa Kiswahili kesi ni polisi, hakimu na faini. Sisi ndio tumezoea mpaka tumesahau.

Basi tukaamua kulichimba hili neno. Kesi ni case ya Kiingereza. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, kwenye cas, ambalo wenzetu waliosoma Uvira na Bujumbura wanalijua vizuri. Wafaransa nao walilitoa kwenye Kilatini, casus, maana yake kuanguka. Yaani jambo lililokuangukia. Ndiyo maana daktari ana case ya malaria, na wakili ana case yake.

Kuna case nyingine, ile ya suitcase, sanduku la nguo. Hiyo siyo ndugu ya kwanza. Imetoka kwenye capsa, sanduku kwa Kilatini, na humo humo ndimo ilimotoka cash, kwa sababu zamani neno hilo lilikuwa la sanduku la kuwekea pesa. Kwa hiyo keshi ni ndugu wa sanduku, siyo wa kesi. Hapa kambini wengi wetu tungeapa ni mapacha!

Mitaani Marekani neno limeenda mbali zaidi. Get off my case: niache, usinifuatefuate. Nutcase: kichaa. Basket case ndiyo ilitugusa. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia kulikuwa na uvumi kwamba wapo askari waliokatika mikono na miguu yote, wanabebwa kwenye vikapu. Mwaka 1919 wakubwa wa serikali huko wakakanusha, wakasema hakuna askari wa namna hiyo. Uvumi ukafa, neno likabaki. Leo linamaanisha mtu aliyeishiwa nguvu za akili, na hata nchi nzima huitwa hivyo.

Umeona linavyotembea? Kwanza jambo linamwangukia mtu. Halafu mtu ana kesi. Mwisho mtu mwenyewe ni kesi.

Kiswahili chetu kinalisema hilo waziwazi. Mtu amekuja, watu wamekuja. Lakini sikiliza ofisini: "Kesi tatu zimefika." Zimefika, kama meza, kama ndoo. Tumehamishwa ngeli bila kuulizwa.

Na tusiwalaumu wafanyakazi peke yao. Sisi wenyewe tunasema, "Yule kesi yake kubwa, ataondoka." Mwenzetu mmoja alipoanza kuchumbia, swali la kwanza la binti halikuwa la ukoo wala kazi. Lilikuwa: "Uko kwenye kesi ya nani?" Harusi ikasogezwa, wakiogopa kesi kugawanyika na safari kukwama. Mpaka leo hawajaoana, na safari haijaja.

Hatukatai namba. Majina yanafanana, faili zinapotea, namba inasaidia mtu asisahaulike. Kaka na dada zetu mnaokaa upande wa pili wa dirisha, tunajua foleni ni ndefu na jua ni kali. Tunaomba vitu viwili tu. Anzeni na jina: "Shikamoo mama, jina lako nani?" Halafu ulizeni namba ya faili. Faili ni karatasi, haimtishi mtu. Na sisi vijana tunaotafsiri, tusitupe neno kama lilivyo. Tulieleze.

Siku ile mwenzetu alimwinamia mama akamwambia, "Hakuna aliyekushitaki, mama. Wanataka namba iliyo kwenye karatasi yako."

Mama akashusha pumzi. Hakufungua hata mkoba. Akaitaja namba yote kwa kichwa, tarakimu moja moja, bila kukosea.

Jina lake hakuna aliyemwuliza. Hata sisi.