Mpira Uliokufa, Mpira Uliotengwa

Kifaransa kinasema mpira umesimamishwa. Watangazaji wa Tanzania wanasema umekufa, na wengine wao wanasema umetengwa. Maneno matatu, jambo moja: kona, mpira wa adhabu, penalti, mpira wa kurusha, yaani kila mara mchezo unaposimama na mtu mmoja akapewa nafasi ya kuuanza upya bila kusukumwa. Likizo mbili zilizopita nimezimaliza nikilitafutia jambo hilo jina linalofaa, na si kwa ajili ya mtihani. Sababu ni mchezo wa kompyuta, na yaya wangu anayekaa Gety.

Mchezo unaitwa Football Manager, kazi ya Sports Interactive ya London. Humo huchezi mpira kwa vidole. Wewe ni kocha: unasajili, unapanga kikosi, unatoa maagizo, halafu unakaa kuangalia kama umeeleweka. Kila mchezaji ana alama za 1 hadi 20 kwa kila uwezo: kupiga kona, kuruka, kupiga kichwa, ujasiri. Tunatumia toleo la 2017 kwa kuwa kompyuta yangu haibebi lililo jipya zaidi, na linasema nasi Kifaransa. Ligi ya Kongo haimo. Katika Afrika nzima ni Afrika Kusini tu ambayo ligi yake unaweza kuifundisha. Tulichagua Auxerre, wakati huo iko daraja la 2 la Ufaransa, kwa sababu isiyo na uzito wowote: yaya aliwahi kuwa na jezi yao, iliyotoka kwenye mitumba ya Bunia.

Yaya ni mtoto wa baba mkubwa. Alisoma hadi darasa la 5 la msingi. Miaka iliyofuata aliipitisha porini, na hapo sitaongeza neno. Wasomaji wa Ituri hawahitaji kuelezwa. Alirudi nyumbani baada ya mkataba wa serikali na FRPI, uliotiwa saini Gety kwenyewe tarehe 28 Februari 2020. Siku hizi analima mihogo, na jioni anafundisha vijana mpira. Kifaransa anakisikia kidogo, hakisomi. Kwa hiyo nilipofungua ukurasa wa kona, wenye maagizo yaliyopangwa kama menyu ya hoteli, ilinibidi niugeuze kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Kiswahili kilipokwama tuliingia katika Kingiti, ambacho wenyewe tunakiita Ndruna.

Betri yangu inakaa saa 2, na kuichaji kwa mwenye sola ni pesa. Hilo lilitusaidia kuliko tulivyodhani. Kompyuta ikiwa imezimwa, tulifanya kazi mezani: punje za mahindi ni Auxerre, maharagwe ni wapinzani, kizibo cha chupa ni mpira. Kompyuta tuliiwasha tu kwenda kuthibitisha.

Mpangilio ambao mchezo unakupa tangu mwanzo haufai kitu. Mpira unapigwa popote, warefu wanasimama popote, na nusu nzima ya msimu Auxerre haikupata bao hata moja la kona. Mtu anaweza kusema hiyo ndiyo hali ya mpira. Hata katika mpira wa kweli, kona 100 huzaa mabao machache mno, 3 au 4 hivi. Yaya hakukubali. Alitazama mara moja, akauliza swali ambalo mimi, msomi wa nyumba, lisingenijia kwanza:

“Mdogo wangu, nani wanabakia kulinda nyumba?”

Nilitarajia aanze na anayepiga kichwa. Yeye alianza na wanaobaki nyuma, kwa hoja kwamba kona ni safari: mnatoka wengi, mnakwenda mbali, na adui akiupata mpira njia yote ya kurudi iko wazi. Akaweka wawili wenye mbio katikati ya uwanja na mmoja nje ya boksi kuokota mpira unaorudishwa. Ndipo akahesabu waliobaki na kuona ana watu wa kutosha kwa jambo moja tu. Hakutaka mambo mawili.

Jambo lenyewe ni hili. Beki wetu mrefu kuliko wote anakimbilia nguzo ya kwanza, si kufunga bali kuugusa mpira kwa kichwa uendelee nyuma. Mwingine anasimama mbele ya kipa, asimguse, amzibe tu macho na njia. Wawili wanatoka mbali kuelekea nguzo ya pili na kuukuta mpira ukishuka. Kona ya kulia anapiga mwenye mguu wa kushoto, ili mpira ujikunje kuelekea goli. Ya kushoto, mwenye mguu wa kulia. Walioona kona za Arsenal tangu Nicolas Jover aanze kuzipanga wataona hakuna jipya hapo, na wana haki. Lakini yaya hajawahi kumwona Jover. Alilipata kwa mahindi na maharagwe.

Kwenye nguzo ndipo lugha ilipoanza kutusumbua. Kifaransa kinahesabu: poto ya kwanza, poto ya pili. Kiswahili cha redio kinapima: nguzo ya karibu, nguzo ya mbali. Karibu na nani? Ukiwa mpiga kona, jibu liko wazi. Ukiwa kipa, nguzo zote mbili ziko karibu nawe sawasawa, na ukiwa beki unayekimbia kutoka nje ya boksi, ya “mbali” yaweza kuwa ndiyo iliyo mbele ya pua yako. Tulipokwenda nayo uwanjani, kijana mmoja aliambiwa “nguzo ya mbali” akaenda mbali kweli, mbali na yeye. Wahadhiri wetu hutufundisha hii, hiyo na ile kwa mifano ya kitabu na meza. Ningeshauri siku moja watumie goli. Yaya alimaliza mjadala kwa njia yake. Nguzo ya kwanza akaiita *ya mlango*, kwa kuwa mpira unaingilia huko, na ya pili *ya jikoni*. Vijana hawajakosea tena.

Kulinda kona nako kulipata majina. Kuna kulinda mtu na kuna kulinda eneo, na maneno hayo ya kitabu hayasemi mengi. Sisi tuna *kufuata mtu* na *kukaa na shamba*. Anayekaa na shamba hamtazami mgeni anapotembea mbali. Anamngoja avuke mpaka. Mkulima yeyote wa Gety anajua tofauti hiyo, na anajua pia udhaifu wake: mpira ukianguka mpakani kabisa, kila jirani anadhani ni wa mwenzake.

Sasa nirudi kwenye jina la jumla. Nilimletea yaya “mpira uliokufa” kwa furaha, kama mtu aliyebeba zawadi kutoka Bunia. Alilikataa. “Kama umekufa, unatufunga namna gani?” Kisarufi ningeweza kujibu kwamba kufa hapa ni sitiari, kwamba hata saa hufa na simu hufa. Sikujibu, maana kuna watu ambao neno kufa kwao halijawa sitiari. Nikajaribu “mpira wa kutenga”. Kutenga ni kuweka kitu mahali pake, kama sufuria mekoni, na hilo alilipenda. Lakini akaniuliza kama ni kutenga kule kule kwa mtu asiyealikwa kwenye vikao. Nikasema ndiyo, kitenzi ni kimoja. Akacheka kidogo, akasema basi huo ni mpira wake.

Wakati mwingine tunabishana juu ya Mwepu Ilunga. Tarehe 22 Juni 1974, Gelsenkirchen, Kombe la Dunia, Zaire dhidi ya Brazili: Wabrazili wanajiandaa kupiga mpira wa adhabu, Mwepu anachomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira mbali kabla haujapigwa. Akapewa kadi ya njano, na dunia ikacheka miaka mingi ikisema Waafrika hawajui sheria. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri. Zaire walikuwa wamefungwa 9 kwa 0 na Yugoslavia siku chache kabla, na mechi hii nayo waliipoteza kwa 3 kwa 0. Mimi hukiona kitendo kile kama malalamiko. Yaya hukiona kama ulinzi: timu imechoka, ukuta haujakaa sawa, na sekunde 30 za vurugu ni pumzi. Sijaweza kumshinda katika hoja hiyo. Nikimtajia bao la Chancel Mbemba dhidi ya Kameruni, Novemba 2025, lililopatikana baada ya kona katika dakika za nyongeza, anasema nisichanganye. Mbemba alipewa nafasi ya kupanga, Mwepu hakupewa.

Mwaka jana yaya alipanda moto kupitia Bogoro hadi Bunia kujiandikisha kwa kozi fupi ya makocha. Fomu ilikuwa ya Kifaransa, masomo ya Kifaransa, na sharti la cheti ambacho hana. Walimrudisha mlangoni. Alikuwa na daftari langu mfukoni, lenye michoro ya kona na maneno yetu pembeni, na hakuna aliyeomba kuliona. Sisemi kozi hiyo ni mbaya. Nasema mtu anayejua kupanga watu 11 kwenye boksi alipimwa kwa kitu kingine.

Daftari hilo nimeliomba liwe kazi yangu ya mwisho wa mzunguko. Baadhi ya wenzangu wameniuliza kama mchezo wa kompyuta ni mada ya kitivo cha lugha, na nadhani swali lenyewe limekaa vibaya: mada si mchezo, mada ni mtu anayetaka kutoa amri ieleweke kwa sekunde 5, na watoto 11 wenye lugha za nyumbani zisizofanana. Maneno yamefika 41. Kila moja lina lilikotoka, ambapo vijana walilielewa, na ambapo walilikataa.

Auxerre walimaliza msimu nafasi ya 4. Vijana wa yaya walifunga bao la kona ya jikoni Jumapili ya pili ya Agosti, kisha wakafungwa mawili kwa mpira wa kurusha, ambao hatujaupangia chochote. Na agizo moja la mchezo bado halina jina: lile la mchezaji anayebaki nyuma *ikihitajika tu*. Yaya amelijaribu kwa Kingiti, mimi kwa Kiswahili. Kila tunalopata, mchezaji akilisikia, ama anabaki moja kwa moja, ama anakwenda.