Mtihani wa Texas tuliousomea Nakivale

Leo tunawaletea habari ya mtihani ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeufanya, lakini tuliusomea karibu miezi minne.

Ni hivi. Kuna dada yetu mkubwa, hapa tulikuwa tunamwita Yaya. Ndiye alitufundisha Kiingereza chini ya mti kabla hajapata safari ya Marekani. Huko Texas anafanya usafi hotelini, zamu ya usiku. Siku moja akatutumia sauti kwa WhatsApp: "Wadogo zangu, nataka leseni ya kuuza nyumba. Nikisoma peke yangu usingizi unanichukua. Mniulize maswali."

Sisi ni watano, tunajitolea kwenye kituo cha vijana. Tukasema sawa. Tulidhani ni kujua bei na kuongea vizuri tu. Kumbe! Texas inataka kwanza usome masaa 180, yaani kozi sita za masaa 30 kila moja: misingi sehemu mbili, sheria ya uwakala, sheria ya mikataba, fomu za mikataba, na mambo ya mikopo. Unachukuliwa na alama za vidole. Halafu mtihani wenyewe una sehemu mbili, moja ya nchi nzima na nyingine ya sheria za Texas. Na hata ukipita, hufanyi kazi mpaka broka mwenye leseni akubali kukusimamia.

Yaya alipiga picha kurasa, sisi tukapakua asubuhi mapema mtandao ukiwa mwepesi, jioni tukamrekodia maswali. Hesabu ndo zilitufurahisha. Ekari moja ni futi za mraba 43,560, hata ukituamsha usiku tutakuambia. Nyumba ya dola 200,000 kwa kamisheni ya asilimia 6 ni dola 12,000. Mmoja wetu akauliza kama hiyo yote ni ya mtu mmoja. Yaya akacheka sana: inagawanywa, broka anachukua yake, upande wa pili nao wanachukua yao.

Swali lililotunyamazisha lilikuwa jepesi. Kitabu kinasema umiliki ni kama tita la vijiti: haki ya kukaa, ya kuamua matumizi, ya kuzuia wengine wasiingie, ya kufaidi, na ya kuuza au kurithisha. Yaya akasema tutumie kiwanja chetu kama mfano ili akumbuke. Tukaanza kuhesabu. Kukaa, tunakaa. Kulima, tunalima. Kuuza? Kanuni za wakimbizi za Uganda za 2010 zinasema mkimbizi anatumia bure ardhi aliyopewa, ila hana haki ya kuiuza wala kuikodisha. Mwenzetu mmoja, ambaye kwao waliacha shamba Rutshuru, akasema polepole: "Baba alikuwa na kitu cha kuniachia. Mimi nitamwachia mtoto nini?" Siku hiyo hatukurekodi tena.

Swali lingine lilituletea ubishi. Mteja ni Mkongo mwenzako, anakuambia umtafutie nyumba kwenye mtaa wa watu wetu. Utafanya nini? Yaya akajibu kwamba atampeleka karibu na kanisa letu. Sisi tukamwambia sahihi kabisa. Kitabu kikasema ni kosa.

Kuna sheria ya makazi iliyosainiwa tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja tu baada ya Martin Luther King kuuawa. Pamoja na nyongeza zake, inakataza kumbagua mtu kwa mbari, rangi, dini, jinsia, nchi aliyotoka, ulemavu, au kwa sababu ana watoto. Wakala hamchagulii mtu mtaa kwa asili yake. Mteja ndiye anachagua, wewe unamwonyesha nyumba zinazolingana na mfuko wake.

Tukakataa. Tukamwambia, Yaya, hapa mgeni akifika si anatafuta New Congo kwanza, apate mtu wa lugha yake? Huo si utu? Jibu lake bado tumelihifadhi kwenye simu: "Leo mimi nitamchagulia kwa upendo. Kesho mwingine atamchagulia kwa dharau, na atatumia maneno yaleyale."

Mara ya kwanza alipita sehemu ya nchi nzima, akaanguka ya Texas. Alilia, na sisi hatukujua la kumwambia, tukamtumia tu maswali mapya. Akarudia ile moja, akapita. Sasa anatafuta broka. Hotelini bado anaenda kila usiku.

Ile njia yake tumebaki nayo. Kila jioni tunarekodiana maswali na wadogo zetu wanaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Kama una simu moja na wenzako watatu, inatosha kuanza.

Na kiwanja chetu bado tunakilima. Vijiti tulivyo navyo tunavijua sasa, na tunavyokosa tunavijua kwa majina.