Herufi moja, ya baba na ya mama



Wengi wenu mliuliza sababu gani sisi walimu wa biolojia tunabaki shuleni mpaka giza, vichwa vimeinama juu ya kompyuta moja. Kuna waliosema tunatazama filamu. Hapana, tulikuwa tunajifunza kusoma DNA, na tulianza kwa sababu ya mama mmoja wa chama chetu.

Jina lake hatutalitaja. Ana watoto watatu, na wa pili ana ugonjwa wa SS. Mnajua maisha hayo: mifupa inauma usiku kucha, macho yanakuwa manjano, kila mara mnatafuta mtu wa kutoa damu. Mwaka huu familia ya bwana ilimrudisha kwa wazazi wake, ikisema damu mbaya imetoka kwake. Akaja kutuuliza: « Ninyi mnafundisha mambo haya. Ni kweli? » Tukamjibu kama tunavyojibu siku zote kalasini, kwamba SS inatoka kwa wote wawili, baba na mama. Akatutazama. « Mlisoma hivyo. Lakini mliona? »

Hatukuwa tumeona. Kule ISP tulichora DNA ubaoni kama ngazi iliyopindwa, tukafanya mtihani, tukapata diplome. Basi.

Kumbe maandishi yenyewe yako wazi kwa kila mtu. Tangu 1982 kuna ghala kubwa liitwalo GenBank, huko Marekani, ambamo wachunguzi wa dunia nzima wanaweka maandishi ya DNA na RNA waliyoyasoma. Kuingia ni bure. Kinachogharimu ni mega za telefone, na uvumilivu, maana mara mbili umeme ulikatika tukiwa katikati ya kazi. Tulitafuta HBB, jina la jeni inayotengeneza sehemu moja ya hemoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya damu yetu. Aibu ya kwanza ilikuja hapo hapo. Tunafundisha watoto kwamba RNA ina herufi U mahali pa T, lakini RNA tuliyofungua ilikuwa na T tupu! Tulibishana jioni nzima kama tumekosea mlango. Ni desturi ya ghala tu: wanaandika T kila mahali.

Kifaa cha pili kinaitwa BLAST, kilitoka mwaka 1990. Unakipa maandishi, kinatafuta yanayofanana nayo na kuyapanga mstari chini ya mstari, kama mwalimu anayelinganisha daftari mbili ili ajue nani alinakili kwa nani. Kwanza tuliweka protini ya kawaida peke yake. Majibu yakaja na sokwe ndani yake: hemoglobini beta yake ni sawasawa na yetu, hakuna hata herufi moja tofauti. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Kisha tukalinganisha protini hiyo na ile ya mtu wa SS, ambayo wachunguzi wameiweka kwenye ghala lingine kwa namba 2HBS. Siku hiyo tulimwita yule mama. Kati ya mistari miwili BLAST inaandika mstari wa tatu, wenye herufi zote zinazofanana. Zilikuwa 145 kati ya 146. Pengo moja tu. Aliweka kidole chake juu ya kioo, hapo kwenye pengo, akakiacha.

Juu kulikuwa E, chini V. Tulihesabu, mwalimu mmoja akasema ni ya saba, mwingine akasema ya sita, na vitabu vinasema sita. Wote walikuwa na haki: mwili unakata kipande cha kwanza cha protini baada ya kuitengeneza, na mstari mmoja ulikuwa bado unakihesabu. Tukarudi kwenye DNA. Herufi tatu-tatu zinaita kipande kimoja cha protini. GAG inaita E. Ukibadilisha A ya katikati kuwa T, inakuwa GTG, na GTG inaita V. Maumivu yote yale ya mtoto yanaanzia kwenye herufi moja.

Na kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye nakala moja tu iliyobadilika ni AS: anaishi, analima, anacheza mpira, hajui. Wako wengi. Huko Kinshasa waganga walipima watoto 31,204 waliozaliwa, wakatangaza matokeo mwaka 2009: asilimia 16.9 walikuwa AS, na asilimia 1.4 walikuwa SS. Wazazi wawili wa AS wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta SS. Tunasema kila mimba, maana kuna anayefikiri akishazaa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama.

Kitu kimoja msikosee: kompyuta yetu haikupima damu ya mtu yeyote. Anayetaka kujua yeye ni nani aende labo, aombe elektroforezi ya hemoglobini.

Mama aliuliza kama hiyo herufi inaweza kusahihishwa. Tukamwambia ukweli. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani zilikubali dawa inayokata ndani ya DNA ya mgonjwa. Haisahihishi herufi yenyewe, inaamsha hemoglobini ile ya mtoto wa tumboni. Bei yake Marekani ilitangazwa wakati huo kuwa dola milioni 2.2. Alicheka kidogo, akauliza saa ya mtoto kunywa maji.

Yule bwana alikataa kuja shuleni, tukamtumia karatasi yenye pengo. Alikaa nayo wiki tatu. Halafu alikwenda Likasi bila kumwambia mtu, akarudi na matokeo yamekunjwa mfukoni: AS. Aliyasoma mbele ya mama yake, sisi wawili tukiwepo kama mashahidi.

Mama mkwe alinyamaza sana. Kisha akauliza: « Na yeye, aliitoa wapi? »

Hakuna aliyejibu. Bwana alichukua kinga na kwenda kumleta bibi yake.