Doha Mwezi wa Tende

Wenye uwezo huikimbia Doha mwezi wa Julai. Mimi nasema huo ndio mwezi wa kuiendea. Joto hupita nyuzi 40, na serikali hupiga marufuku kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu 1 Juni mpaka 15 Septemba. Lakini joto hilohilo ndilo linaloivisha tende. Mwezi huo ukielekea ukingoni, soko la Souq Waqif hufungua maonyesho ya tende za nchini, yaliyoanza mwaka 2016. Wakulima wa Qatar huleta mavuno yao wenyewe, na jioni mji mzima huwa hapo.

Ukiingia kwenye hema la maonyesho, usikimbilie kununua. Onja. Wauzaji wanakutaka uonje, na huwezi kuondoka mezani kwa mtu hujapewa tende mkononi. Anza na barhi ya manjano, ambayo huliwa ingali ngumu na hukatika kwa meno kama muwa mchanga. Nenda kwa khunaizi, nyekundu iliyokoza. Kisha chukua khalasi iliyofikia kuwa rutabu: nusu yake bado ina rangi ya kaharabu, nusu imeshageuka kahawia na kulainika, ganda linateleza lenyewe ulimini. Sisi wa pwani tumezoea tende kavu iliyoshindiliwa, ile ya Ramadhani. Rutabu ni tunda bichi hasa, lina maji yake, na halivumilii safari ndefu wala kukaa siku nyingi nje ya barafu. Ukilitaka katika ubora wake, lifuate kwao.

Hapo mezani ndipo nilipoelewa kwa nini Doha inafaa kuliko miji mingi kwa watu wanaotaka kuishi kwa matunda mabichi, na kuishi hivyo pamoja. Kwingineko vikundi vya namna hiyo huanza na masharti: usipike, usichanganye, usile hiki. Baada ya muda mfupi wamebaki watatu. Doha sinia la tende limetangulia. Liko barazani kwa mwenyeji, liko msikitini wakati wa kufuturu, liko mezani pa mapokezi ofisini, na mgeni hulishwa kabla hajaulizwa shida yake. Mwaka 2022 Qatar iliongezwa kwenye nchi ambazo maarifa na desturi zao za mtende zimo katika orodha ya urithi ya UNESCO. Ilistahili. Hapa mvua haifiki milimita 100 kwa mwaka, na mtende jike huchavushwa kwa mkono wa mtu anayeukwea akiwa na chavua ya mtende dume.

Mswahili naye ana haki yake hapa. Inua macho utazame boriti zilizochomoza kwenye kuta za soko. Nyumba za kale za Ghuba ziliezekwa kwa mikoko iliyokatwa pwani kwetu, na majahazi yaliyoifuata yalishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja yakiwa na shehena ya tende. Leo Kiswahili unakisikia kwa walinzi, madereva, wauguzi na wahudumu wa hoteli. Mlinzi mmoja wa Kilifi, alipokuwa mapumzikoni, aliona ninavyobabaika mbele ya maboksi akaniita: "Dada, hiyo acha. Njoo uonje hii kwanza." Ilikuwa tende aina ya shishi. Alikuwa akinunua boksi la kugawana na wenzake wa chumba, na nilipomuuliza wanakula na nini, alicheka: "Na maji tu."

Embe nalo lina siku zake. Mwaka 2024 Souq Waqif ilifanya maonyesho ya maembe ya India, kisha ya Pakistani, na watu wakajaa vilevile.

Mji huu unajua pia soko kukosa kitu. Mnamo 5 Juni 2017 Saudi Arabia iliufunga mpaka wa nchi kavu, njia iliyokuwa ikipitisha karibu asilimia 40 ya chakula. Rafu zikabaki wazi, ndege na meli za Uturuki na Iran zikaleta chakula, na kilimo cha nyumbani kikapewa uzito mpya. Hadi mpaka ulipofunguliwa Januari 2021, watu walikuwa wameshazoea kuuliza shamba lilikotoka tunda.

Anayetaka kuwakusanya wenziwe kwa matunda awaambie ukweli wote. Matunda hayana vitamini B12, protini yake ni haba, na tende iliyokauka karibu theluthi mbili yake ni sukari. Kisukari kimewapiga wengi Qatar, wenyeji na wageni, kwa hiyo mwenye ugonjwa huo aonane na daktari wake kwanza. Sipendi chama chochote cha chakula kinachoficha hili. Tende tatu na kipande cha tikiti, mkila pamoja, zinatosha kuwa mwanzo.

Shuka kituo cha metro cha Souq Waqif baada ya magharibi, joto likiwa limelegea kidogo. Ukikosa msimu wa tende, njoo majira ya baridi: magulio ya wakulima hufunguliwa Al Mazrouah, Al Wakrah na Al Khor. Fika mapema, kabla wenye familia kubwa hawajabeba maboksi yote.