Jina Nililolifuta

Nakiri mbele ya wasomaji wangu: niliipokonya filamu nzuri jina lake, nikaivisha jingine lisiloihusu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba nimeisaidia.

Ilikuwa kazi ya kwanza ya mwongozaji kijana wa Dar es Salaam. Simtaji, wala sitaji maneno yaliyochapwa kwenye kava, kwa sababu kosa halikuwa lake na bado anatafuta riziki katika fani hii. Aliniletea skripti nimsaidie kunyoosha mazungumzo. Juu ya ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika neno moja tu: Arobaini.

Kilikuwa kisa cha mjane. Mume amezikwa, tanga limeanuliwa, na shemeji zake wamehamia nyumbani eti kumliwaza. Wanakula, wanalala, na usiku wanapekua makabati kutafuta hati ya nyumba, huku wakisubiri arobaini ya marehemu ifike ndipo kikao cha urithi kiitishwe. Mjane anajua wanachokitafuta. Ananyamaza, anahesabu siku. Na siku za maombolezo anazozihesabu ni zilezile siku za mwizi. Mtu yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili angelisikia hilo tangu anaposoma bango ukutani, kabla hajaketi. Kijana yule alikuwa amelipata jina ambalo waandishi wengi tunalitafuta maisha yetu yote.

Nami nikamwambia halifai.

Zilikuwa enzi za diski. Filamu zetu ziliuzwa Kariakoo, na ukisimama mbele ya rafu za duka lolote ulikuta Kiingereza kimetanda kwenye makava, ingawa ndani watu wanazungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Steven Kanumba, Mungu amrehemu, aliyefariki 2012, alikuwa ametamba na Dar to Lagos, Oprah na Uncle JJ. Filamu za Nigeria zilijaa mitaani. Nikapiga hesabu ya haraka: jina la Kiingereza litavuka mpaka, la Kiswahili litabaki hapahapa. Nikaongeza kwamba arobaini inanuka msiba, na hakuna anayetoa fedha zake kununua msiba. Nikampa maneno mawili ya Kiingereza, moja la mapenzi, moja la machozi. Akayapokea. Aliniita kaka, na katika malezi yetu mdogo habishani na kaka aliyemtangulia kazini. Niliitumia vibaya heshima ile.

Kilichofuata sikukitarajia. Jina lilipobadilika, filamu yenyewe ikaanza kubadilika. Kila alfajiri mjane alikuwa akichora mstari wa mkaa nyuma ya mlango wa jiko. Kwa jina la kwanza, sini hizo ndizo zilizoibeba filamu: mtazamaji anahesabu pamoja na mama yule, anaingiwa na hofu kadiri mistari inavyoongezeka. Kwa jina la pili hazikuwa na maana. Walioitwa kuitazama wakati wa kuhariri waliuliza huyu mama anachorachora nini mlangoni. Zikakatwa karibu zote. Sini za kilio zikarefushwa, kwa kuwa kava liliahidi machozi na ahadi ilibidi itimizwe. Mjane mwerevu aliyekuwa akiwategea wezi siku yao akageuka mwanamke wa kuhurumiwa. Nililifanya hilo kwa maneno mawili tu, bila kugusa kamera.

Jina la filamu humwambia mtazamaji aangalie wapi. Mkenya Mbithi Masya aliiita filamu yake ya 2016 Kati Kati. Msichana anazinduka mahali asipopajua, hakumbuki kitu, anaambiwa kwamba amekwisha kufa. Hakuna anayelazimika kutueleza pale ni wapi, maana tumeshaambiwa mlangoni. Wanuri Kahiu aliita filamu yake fupi ya 2009 Pumzi, kuhusu dunia iliyokaushwa na vita vya maji, na tangu mwanzo unasikiliza jinsi watu wanavyohema. Jina la namna hiyo halikuambii utalia au utacheka. Linakupa kitu cha kushika, kisha linakuacha utambue mwenyewe kwa nini umekishika.

Langu lilifanya kinyume. Liliwatangazia watu hisia watakazotoka nazo, na wakishajua hivyo hawana sababu kubwa ya kukaa hadi mwisho.

Na mpaka halikuuvuka. Nigeria wana filamu zao kwa maelfu, na Kiingereza chetu hakikuwa na cha kuwaongezea. Niliisahau Mombasa, nikaisahau Bujumbura, nikaisahau Goma, ambako watu wangelielewa lile neno moja bila mkalimani. Hata nyumbani halikushika. Muuza diski mmoja aliniambia wateja hawalitamki. Wakija wanaomba "ile ya mashemeji". Watu walikuwa wameipa filamu jina lao wenyewe, kwa Kiswahili, kwa kuwa nililowapa halikukaa mdomoni mwao.

Sikatai majina ya kigeni yote. Amil Shivji aliita filamu yake ya 2017 T-Junction, na jina hilo liko nyumbani, kwa sababu ni neno linalotumika barabarani kila siku. Lakini huyohuyo, alipoitengeneza filamu kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, alibaki na Vuta N'Kuvute. Ikaonyeshwa Toronto 2021, na baadaye ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la Carthage kule Tunisia. Wageni walipewa tafsiri ya Kiingereza pembeni. Hakuna aliyelazimika kulizika la kwanza.

Nilikuwa na mifano ya kunizuia hata wakati ule. Mwaka 1962 Hollywood ilitoa filamu ya John Wayne iliyopigwa Tanganyika, maeneo ya Arusha, ikaiita Hatari! na kuiuza duniani kote kwa neno letu. Wamarekani walilitegemea neno la Kiswahili, mimi Mswahili nikalionea haya. Nilikijua pia kisa cha Back to the Future ya 1985. Mkuu wa studio, Sid Sheinberg, alitaka iitwe Spaceman from Pluto, na akaandika barua rasmi kupendekeza hivyo. Steven Spielberg akamjibu kwa kumshukuru kwa utani mzuri, kana kwamba barua ile iliandikwa kuwachekesha, na jina likapona. Kijana wangu hakuwa na Spielberg. Alikuwa na mimi, na mimi nilikaa upande wa Sheinberg.

Nimekwenda kumwomba radhi. Alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili, akaniambia kwamba sini za mlango hazipo tena; diski iliyohifadhi picha zilizokatwa ilifutwa ili itumike kwa kazi nyingine. Kwa hiyo hata akitaka kuirudisha filamu kama alivyoiota, hawezi.

Ninyi mnaoanza kuongoza filamu, nawasihi: akija mtu mwenye umri na uzoefu kama wangu akitaka kubadilisha jina la kazi yenu, msimkubalie kwa sababu ya heshima. Mtakeni kwanza awasimulie mwisho wa kazi hiyo. Mwisho wa Arobaini, siku yenyewe inapofika na mjane anawafungulia shemeji zake kabati mbele ya wazee wa ukoo, niliujua kava likiwa limeshachapwa. Siku nilipolifuta jina lile, nilikuwa sijafika hata nusu ya skripti.