Lenzi Wanazonunua Vijana Wetu

Sisi tuliojifunza kazi enzi za filamu tuliiona lenzi kuwa mali ya kurithisha. Ilikuwa vioo, chuma na grisi, basi. Lenzi ya skrubu ya M42 iliyolala kabatini tangu enzi hizo, leo ukiivisha pete ya kuunganishia inakaa kwenye kamera mpya na picha inatoka. Tamron walikuwa na mfumo wa Adaptall: ulibadilisha pete ya nyuma tu, lenzi ikahamia kwenye kamera ya kampuni nyingine.

Vijana wa sasa hununua Sigma, Tamron, Viltrox au Yongnuo kwa sababu lenzi ya kampuni iliyotengeneza kamera ingekula malipo ya harusi nyingi. Wapo wazee wenzangu wanaowaita wapenda rahisi. Hawawatendei haki. Kijana anayesubiri mpaka amudu lenzi ya bei kubwa hafiki kwenye harusi yoyote, na nimeona kazi zao: nyuso ziko wazi, mwanga umepimwa vizuri.

Kinachoniuma ni kingine. Lenzi yao ina saketi na programu ndani. Tangu Canon walete mfumo wa EOS mwaka 1987, kwenye kamera zao hata tundu la lenzi hufungwa kwa umeme, kwa amri ya kamera. Watengenezaji wengine hawakupewa siri ya amri hizo. Walichunguza mawasiliano ya kamera na lenzi, wakaiga. Ikija bodi mpya ya kamera yenye amri tofauti, lenzi hubaki bubu. Ndivyo zilivyopatwa lenzi za Sigma za miaka ya 1990 kwenye kamera za EOS zilizofuata: kioo safi, mota nzima, lakini ukifunga tundu kidogo tu kamera inaandika kosa na kugoma. Kwa muda Sigma walibadilisha saketi za baadhi. Nyingine zikaachwa hivyo hivyo.

Kijana ameilipia lenzi kwa jasho lake, na bado uhai wa lenzi hiyo umeshikwa na mtu wa mbali. Mwaka 2022 Viltrox waliacha kuuza lenzi zao za mfumo wa RF wa Canon baada ya kampuni hiyo kuwataka waache. Sony walikwenda njia nyingine: mwaka 2011 walitoa maelezo ya msingi ya mfumo wao wa E kwa watengenezaji wengine bila malipo, na ndiyo maana lenzi za bei nafuu zimejaa upande huo. Canon nao mwaka 2024 waliwaruhusu Sigma na Tamron kutengeneza baadhi ya lenzi za RF.

Kwa hiyo wanangu, dukani msiulize ukali wa picha peke yake. Ulizeni kama lenzi ina tundu la USB la kusasishia programu, na kama mtengenezaji ana kibali cha kampuni ya kamera. Na ukinunua bodi mpya, usiiuze ya zamani kabla hujazifunga lenzi zako zote, moja moja, ukashusha tundu hadi f/8 na kupiga.